Maureen Connolly au Althea Gibson: umsome nani kwanza?

Kocha wa tenisi wa binti yangu amewapa wanafunzi wake kazi niliyoipenda sana. Kila mmoja achague mchezaji mmoja wa Marekani aliyetamba kabla ya mwaka 1968, amsome mwezi mzima, kisha aje kuwasimulia wenzake. Mwaka 1968 haukuchaguliwa ovyo. Hadi Aprili ya mwaka huo, mashindano makubwa manne ya Wimbledon, Paris, Australia na Marekani yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Bingwa alikabidhiwa kikombe, akapigwa picha, akarudi kwao bila zawadi ya fedha. Aliyekubali kulipwa waziwazi alifungiwa mlango, hata angekuwa hodari kuliko wote.

Binti yangu alikuja na majina mawili, Maureen Connolly na Althea Gibson. "Baba, nichukue yupi?" Nilimwomba anipe siku chache, maana wote wawili nawapenda na sikutaka kumjibu kwa pupa. Haya ndiyo niliyomweleza. Nimeyaandika kwa ajili ya mzazi au kocha mwingine mwenye swali kama lake.

Nianze na msimamo wangu ili msomaji asihangaike kuutafuta. Anayetaka kujifunza mchezo wenyewe, jinsi mpira unavyopigwa na jinsi mechi inavyoshindwa, amchukue Connolly. Anayetaka kujua enzi ya ridhaa ilikuwa kitu gani, ilimbeba nani na ilimwacha nani nje, amchukue Gibson. Nikilazimishwa kutaja mmoja tu, nitasema Gibson, ingawa kwa hesabu ya uwanjani Connolly anamshinda kwa mbali.

Walikotokea

Connolly alizaliwa San Diego, California, tarehe 17 Septemba 1934. Wazazi wake waliachana angali mdogo sana, akalelewa na mama. Alichokipenda kwanza si tenisi, ni farasi. Mama hakuweza kulipia mafunzo ya kupanda farasi, lakini karibu na nyumbani palikuwa na viwanja vya umma vya tenisi, na hapo mtoto akamkuta mwalimu Wilbur Folsom, mtu mwenye mguu wa bandia. Connolly alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Folsom akamhamishia raketi mkono wa kulia. Kila nikitazama picha za mipigo yake huwa nakumbuka hilo: mkono uliowatoa jasho mabingwa wote wa wakati wake haukuwa mkono wake wa kuzaliwa.

Gibson alimtangulia kwa miaka saba. Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 katika kijiji cha Silver, South Carolina, wazazi wake wakilima pamba kwenye shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Mwaka 1930 familia ikahamia Harlem, New York. Mtaa wao, West 143rd Street, ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyofungwa magari mchana ili watoto wapate pa kuchezea, na barabarani pale walichora viwanja vya tenisi ya kibao, mchezo unaofanana na tenisi lakini wenye uwanja mfupi na kibao cha mbao badala ya raketi ya nyuzi. Akiwa na miaka 12, mwaka 1939, Gibson alikuwa tayari bingwa wa wanawake wa jiji la New York katika mchezo huo. Mwanamuziki Buddy Walker, aliyekuwa akisimamia michezo ya mtaani, alimwona akampatia raketi. Majirani wakachangishana fedha za kumwandikisha katika klabu ya Cosmopolitan, klabu ya tenisi ya watu weusi pale Harlem. Mwalimu wake wa kwanza huko, Fred Johnson, alikuwa na mkono mmoja.

Mwalimu mmoja ana mguu mmoja, mwingine ana mkono mmoja. Sijui kama binti yangu ataliona jambo hili kama ninavyoliona mimi, lakini nilimwomba asilipite. Wanawake wawili waliofika kilele cha mchezo huu duniani walifunzwa hatua zao za kwanza na watu ambao wengi wangewatazama na kuwaza kwamba tenisi haiwahusu.

Tofauti kati ya wasichana hawa inaanzia baada ya hatua hizo. Connolly akiwa bado binti mdogo alichukuliwa na Eleanor Tennant, mwalimu maarufu wa California aliyewahi kumlea bingwa Alice Marble. Akiwa na miaka 14 alitwaa ubingwa wa taifa wa wasichana wa chini ya miaka 18. Mwandishi mmoja wa michezo wa San Diego akambandika jina la Little Mo, kwa kumfananisha na meli ya kivita ya Missouri iliyoitwa Big Mo, kwa jinsi mipigo yake ilivyokuwa kama mizinga. Njia yake ilikuwa na kazi nyingi, lakini ilikuwa wazi. Aliposhinda hapa, alisonga pale.

Gibson aliposhinda hapa, alibaki hapa. Alicheza chini ya American Tennis Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1916 na Wamarekani weusi kwa kuwa mashindano ya chama kikuu cha tenisi cha Marekani hayakuwapokea. Kuanzia 1947 alitwaa ubingwa wa wanawake wa chama hicho mara 10 mfululizo. Madaktari wawili weusi wapenda tenisi, Hubert Eaton wa Wilmington, North Carolina, na Robert Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia, walimchukua kama mtoto wao. Msimu wa masomo aliishi kwa Eaton na kumalizia shule aliyoiacha New York, na wakati wa kiangazi Johnson alimzungusha kwenye mashindano. Alimaliza sekondari mwaka 1949 akiwa na karibu miaka 22, kisha akapata nafasi ya kusoma chuo cha Florida A&M.

Uwanjani

Hapa sitazunguka. Connolly ni bora, na namba zake hazihitaji wakili.

Alishiriki mashindano makubwa 11 katika maisha yake. Mara mbili za kwanza, Forest Hills, yalikochezwa mashindano ya Marekani, mwaka 1949 na 1950, alitolewa mapema akiwa mtoto wa miaka 14 na 15. Mara tisa zilizobaki alitwaa ubingwa zote. Hakupoteza hata mechi moja ya mchezaji mmoja mmoja kwenye mashindano hayo tangu Septemba 1951, alipomfunga Shirley Fry kwenye fainali ya Marekani akiwa na miaka 16, hadi alipoacha kucheza. Mwaka 1953 alifanya jambo ambalo mwanamke hakuwahi kulifanya: alishinda Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani ndani ya mwaka mmoja. Mwanamume Don Budge alikuwa ametangulia mwaka 1938. Katika mashindano yote manne ya mwaka ule Connolly alipoteza seti moja tu, yaani kipande kimoja cha mechi chenye michezo midogo kadhaa, kule Paris.

Alichezea nyuma, karibu na mstari wa mwisho. Hakuwa mrefu, na sevisi yake, mpigo wa kuanzisha mpira, haikuwa silaha ya kutisha. Alichokuwa nacho ni miguu inayofika mapema na mipigo ya pande zote mbili, wa mbele na wa nyuma, inayotua karibu na mstari, mpira baada ya mpira, hadi mpinzani anaishiwa pa kukimbilia. Mtoto anayejifunza leo ana mengi ya kuchukua hapo, kwa sababu tenisi ya kisasa nayo inachezewa nyuma. Fainali ya Wimbledon ya 1953 dhidi ya Doris Hart, 8-6, 7-5, ndiyo ningemwelekeza aanze nayo: wachezaji wawili walio katika ubora wao, hakuna anayempa mwenzake zawadi.

Gibson alikuwa kinyume chake. Mrefu, karibu sentimita 180, sevisi nzito, halafu mbio kwenda wavuni kumaliza mpira hewani. Ulikuwa mchezo wa hatari, na kwa miaka kadhaa hatari hiyo ilimgeukia yeye. Walipokutana kwenye robo fainali ya Forest Hills mwaka 1953, Connolly alimshinda kwa seti mbili bila. Miaka ile Gibson alikuwa akifundisha mazoezi ya viungo kwenye chuo kimoja huko Missouri, mishahara midogo, matokeo ya kusuasua, hata akafikiria kuacha tenisi ajiunge na jeshi la wanawake.

Kilichomwokoa kilikuwa kazi na mwalimu Sydney Llewellyn wa Harlem, aliyembadilishia namna ya kushika raketi, pamoja na ziara ya mwaka 1955 barani Asia iliyogharamiwa na wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Aliporudi alikuwa mchezaji mwingine. Mwaka 1956 alitwaa ubingwa wa Ufaransa, akawa mchezaji wa kwanza mweusi kushinda taji la mashindano makubwa. Mwaka 1957 akashinda Wimbledon kwa kumfunga Darlene Hard 6-3, 6-2 na kukabidhiwa sahani na Malkia Elizabeth mwenyewe, kisha akashinda Forest Hills. Mwaka 1958 akarudia yote mawili. Ukijumlisha na ya wawili wawili na ya mchanganyiko wa mwanamke na mwanamume, alimaliza na mataji 11 makubwa.

Kwa anayependa kuona mambo kando kwa kando, haya machache yanatosha:

| | Connolly | Gibson |
|---|---|---|
| Taji kubwa la kwanza | 1951, miaka 16 | 1956, miaka 28 |
| Mataji makubwa ya mmoja mmoja | 9 | 5 |
| Wimbledon | 1952, 1953, 1954 | 1957, 1958 |
| Mwisho wa tenisi ya ridhaa | miaka 19 | miaka 31 |

Mstari wa kwanza wa jedwali hilo ndio unaonishughulisha. Miaka 16 dhidi ya miaka 28. Sehemu ya pengo hilo ni kipaji, kwa kuwa Connolly alikuwa na kipaji kisicho na mfano. Sehemu nyingine ni mlango.

Mlango wa Forest Hills

Hadi kiangazi cha 1950 hakuna mchezaji mweusi aliyewahi kuingia mashindano ya taifa ya Forest Hills. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwakataza. Ulihitaji kualikwa, na ili ualikwe ulihitaji kuwa umecheza vizuri mashindano fulani ya kiangazi ya viwanja vya nyasi, na mashindano hayo yalifanyika kwenye klabu za binafsi ambazo hazikumruhusu mtu mweusi kukanyaga nyasi zake. Kila mwenye mamlaka aliweza kusema hakumkataza mtu.

Julai 1950 Alice Marble, yuleyule aliyelelewa na mwalimu wa Connolly, aliandika barua ya wazi katika jarida la American Lawn Tennis. Alisema kwamba kama Gibson ni tishio kwa wachezaji wa wakati ule, basi haki ni kukutana na tishio hilo uwanjani. Mwezi uliofuata Gibson alialikwa.

Mechi yake ya pili ilikuwa dhidi ya Louise Brough, bingwa wa Wimbledon. Gibson alipoteza seti ya kwanza 6-1, akachukua ya pili 6-3, na katika ya tatu akawa anaongoza 7-6. Mbingu zikafunguka. Ilikuwa dhoruba ya radi, na radi ilimwangusha mmoja wa tai wa mawe waliopamba juu ya uwanja. Mechi ikaahirishwa. Usiku ule Gibson alilala, au hakulala, akijua amebakiza mchezo mmoja amwangushe bingwa. Kesho yake Brough alishinda michezo mitatu mfululizo na mambo yakaisha 9-7. Binti yangu aliposikia habari ya tai aliacha kula. Akaniuliza kama radi isingepiga, Gibson angeshinda. Nilimwambia hilo ndilo swali la kuwapelekea wenzake.

Nani alilipa?

Hili ndilo jambo ambalo vitabu vya rekodi hulipita, na ndilo lililonifanya niegemee upande wa Gibson.

Mchezaji wa ridhaa hakulipwa, lakini nauli hulipwa, raketi hununuliwa, hoteli hudai. Kwa hiyo nyuma ya kila bingwa wa ridhaa palikuwa na mfuko wa mtu mwingine: wazazi wenye mali, chama, klabu, au wafadhili. Connolly hakutoka kwenye utajiri, lakini California ilikuwa na viwanja vya umma na watu wa tenisi waliotaka kumwona akifika juu. Gibson alikuwa na majirani wa Harlem na madaktari wawili. Alipoibuka bingwa wa dunia mwaka 1957, New York ilimfanyia gwaride la heshima la mjini, akipita katikati ya umati uliomwagia vipande vya karatasi. Hakuwa na kipato cha kueleweka. Aliwahi kusema kwamba ubingwa ni mzuri, ila taji huwezi kulila.

Mwishoni mwa 1958 aliacha tenisi ya ridhaa kwa sababu hiyo. Alirekodi muziki, akaigiza katika filamu, akacheza mechi za maonyesho kabla ya michezo ya kikapu ya Harlem Globetrotters. Mwaka 1964 akawa mwanamke wa kwanza mweusi katika ziara ya gofu ya kulipwa ya wanawake, ambako baadhi ya klabu hazikumruhusu kubadilishia nguo ndani. Tenisi ilipofungua milango ya fedha mwaka 1968, yeye alikuwa amekwisha pita miaka 40.

Connolly naye hakuionja fedha hiyo, kwa njia nyingine kabisa. Baada ya Wimbledon ya 1952 watu wa San Diego walimzawadia farasi, Colonel Merryboy. Ndoto ya utotoni ikatimia. Tarehe 20 Julai 1954, wiki chache tu baada ya kushinda Wimbledon ya tatu, alikuwa juu ya farasi huyo pamoja na wenzake lori la kubebea zege lilipopita na kumbana. Mguu wa kulia ulivunjika na misuli kujeruhiwa vibaya. Alikuwa na miaka 19. Hakurudi tena kwenye mashindano.

Kesi ya fidia iliyofuata ingepaswa kusomwa na kila anayefuatilia historia ya michezo. Mahakama ilitakiwa kukadiria hasara ya mtu ambaye, kwa kanuni za mchezo wake, hakuruhusiwa kupata hata senti. Hoja ilikuwa kwamba alikuwa karibu kugeuka mchezaji wa kulipwa, na kwamba kipato hicho ndicho alichonyang'anywa. Alipewa dola 95,000, na Mahakama Kuu ya juu kabisa ya California ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 1957.

Baada ya kelele kwisha

Connolly aliolewa na Norman Brinker, mpanda farasi wa Olimpiki, mwaka 1955, wakapata mabinti wawili. Akafundisha tenisi, na mwaka 1968 huko Dallas akashiriki kuanzisha taasisi ya kuwainua wachezaji wadogo inayobeba jina lake. Saratani ilimchukua tarehe 21 Juni 1969, akiwa na miaka 34.

Gibson aliishi hadi 28 Septemba 2003. Katikati ya miaka ya 1970 aliteuliwa kuwa kamishna wa michezo wa jimbo la New Jersey. Lakini miaka ya 1990 maradhi na ukata vilimkaba hadi akampigia simu Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi aliyeshinda naye Paris na Wimbledon mwaka 1956 wachezapo wawili wawili, kumwambia amekata tamaa. Klabu nyingi za enzi zao hazikumtaka Myahudi wala mtu mweusi, na ndiyo maana waliotengwa hao wawili walikuwa wamepatana kucheza pamoja. Buxton alitafuta msaada kupitia jarida la tenisi, na michango ikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Sanamu ya Gibson kwenye viwanja vya mashindano ya Marekani ilizinduliwa mwaka 2019, miaka 16 baada ya kifo chake.

Basi uchague hivi

Kama mtoto wako ana miaka 10 au 11 na ndiyo kwanza anaanza kupenda mpira kutua anakotaka, mpe Connolly. Maisha yake ni mafupi, yanashikika, na mchezo wake unaweza kuigwa kesho asubuhi uwanjani. Umwandae tu kwa ile siku ya lori, kwa kuwa inauma.

Kama ana miaka 13 kwenda juu, au ameanza kuuliza kwa nini fulani anaalikwa na fulani haalikwi, mpe Gibson. Usimpe kwa kipimo cha "mweusi wa kwanza" peke yake, maana ukimpunguza hivyo utamkosa mwanamke mwenyewe: mkaidi, mwenye kiburi cha kazi yake, aliyeshindwa kwa miaka mitano akaendelea. Anzeni na barua ya Marble, mwende kwenye mechi ya Brough, ndipo mfike Wimbledon.

Binti yangu amemchukua Connolly. Alisema sababu ni farasi. Sikubishana naye. Juzi jioni nikamkuta ameandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake majina matatu, moja chini ya jingine: Tennant, Marble, Gibson, na mishale ikiyaunganisha.